Juu ya Kudhaniana Vibaya

Sisi tufundishao karibu na Kalenga tuna desturi ya kuwachukua wanafunzi wetu kwenda kulitazama fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954 kwa mkono wa Gavana Twining. Juu ya Mkwawa hatuna taabu, kila mtoto amjua. Taabu huanza tufikapo kwa ndugu yake Mpangile. Hapo watoto husema kwa sauti moja, "Msaliti!" Nasi kwa miaka kadha tuliwaacha waseme hivyo, maana ndivyo tulivyofundishwa sisi wenyewe.

Sasa twaona ya kuwa tulikosa. Wadachi waliitwaa ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, naye Mkwawa akashika njia ya porini. Mwisho wa mwaka 1896 Tom von Prince akamweka Mpangile awe mtawala wa Wahehe. Haikutimia miezi miwili, katika Februari 1897, Prince yule yule akamwua, kwa kumdhania kwamba kwa siri amsaidia nduguye. Basi tazameni: Mdachi alimwua kwa kuwa mwaminifu kwa Mkwawa, na sisi twamlaani kwa kutokuwa mwaminifu kwa Mkwawa. Hukumu mbili hizi haziwezi kuwa kweli pamoja, wala sisi tuliotoa ya pili hatukuuliza lolote juu ya ile ya kwanza.

Tumeitaja habari hiyo kwa sababu darasa lile lile, likifikia somo la wanachuo wa Dar es Salaam wa mwaka 1966, hutumia kipimo kile kile. Husimuliwa hivi: vijana waliosomeshwa kwa jasho la wakulima walikataa kuitumikia nchi, na Mwalimu Nyerere akawarudi kama baba arudivyo wanawe. Hadithi yapendeza kwa ufupi wake.

Walakini mambo hayakuwa mafupi hivyo. Serikali ilitaka wahitimu walitumikie taifa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wapate asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba karibu wanafunzi 400 waliandamana mpaka Ikulu, wengine wamevaa majoho yao. Waliwashuku wakubwa kuwa wanajinenepesha huku wakihubiri kujinyima. Wakasema wakilazimishwa, miili yao itakwenda lakini roho zao zitabaki nje. Tena lilikuwako bango lililosema afadhali wakati wa ukoloni. Neno hilo moja likayameza yote mengine. Mtu aliyepigania uhuru asingeweza kulisoma bila kuchomwa moyo, wala hatumlaumu kwa kuchomwa. Na vijana nao, wasomi wa sheria na historia, hatuelewi walikosaje kuliona hilo kabla ya kuliandika. Zaidi ya 300 wakafukuzwa na kurudishwa makwao.

Lakini siku ile ile Nyerere alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Na Februari 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Sisi waalimu hukusimulia kule kupunguza mshahara kuwa ni dalili ya wema wa Rais, na ni kweli. Ila hatusemi ya kuwa lilikuwa pia jibu. Mtu hajibu pasipo kuulizwa. Wale wanachuo waliuliza swali la haki kwa maneno mabaya, nao wakaadhibiwa kwa maneno, na swali likajibiwa kimyakimya. Wengi wao walipokewa tena chuoni baadaye. Jambo hilo nalo halimo katika masimulizi yetu.

Katika muhula uliopita tulilibadili zoezi la darasa. Badala ya kuwauliza kama Mpangile alikuwa msaliti au siyo, tuliwaambia waandike maneno ambayo yeye angeyasema kabla ya kuuawa. Wengi walijaza ukurasa mzima. Msichana mmoja aliandika mistari miwili tu akaweka kalamu chini. Tulipomwuliza sababu, alisimama kwa adabu akasema, "Mwalimu, sijui anasema mbele ya nani. Kama ni mbele ya Prince, atakana. Kama ni mbele yetu, itambidi akane neno jingine."

Hatukujua tumpe alama ngapi.