Kukwangala ni dawa? Nimesoma Good Company nikiwa Tukuyu

Mwaka jana nilipimwa presha nikaambiwa ni 158 kwa 96. Nina miaka 36. Daktari alikitazama kitambi changu, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mwandishi wa habari. Akatabasamu kama mtu aliyepata jibu la swali lake, akaandika dawa, kisha akaongeza maagizo matatu: punguza chumvi, tembea, lala mapema.

Nikaomba ruhusa kazini, nikarudi nyumbani Tukuyu. Nilikuja na vitu viwili: programu ya simu inayohesabu hatua, na nakala chakavu ya kitabu nilichokuwa nakikwepa tangu chuo, Good Company cha Monica Wilson, kilichotoka mwaka 1951. Cha kwanza nilikuja nacho kwa ajili ya mwili, cha pili kwa ajili ya akili. Ndivyo nilivyodhani.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanamjua Wilson kwa jina tu, kwa hiyo niseme kidogo. Yeye na mumewe, Godfrey, walikaa huku kwetu Rungwe katika miaka ya 1934 hadi 1938, wakijifunza lugha na kuandika waliyoyaona. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akabaki na madaftari ya wote wawili. Kitabu hiki kilitoka humo. Kinahusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa: wavulana waliofikia miaka kumi hivi, wenzi wa kuchunga ng'ombe, waliacha kulala kwa baba zao, wakajijengea vibanda pembeni, na baadaye wakaoa na kuzeeka pamoja hapohapo. Mtu aliishi na marafiki zake kabla ya kuishi na ndugu zake.

Sasa, kitabu cha namna hii kina uhusiano gani na presha yangu? Mwanzoni hata mimi sikuuona. Nilikuwa nasoma jioni, na alfajiri natoka na hedifoni masikioni, naelekea njia ya Katumba, chai pande zote, ukungu bado haujaamka. Siku ya nne mjomba wangu alinisubiri getini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hivi mjomba, mbona siku hizi unapita kama basi la Kyela? Hata honi hupigi."

Nikamweleza habari za hatua elfu kumi. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Na huko unakokwenda, unamsalimia nani?"

Usiku ule nikafika kwenye sura ya maadili, na humo nikakutana na neno ukwangala. Kwetu ni neno la kila siku. Ukikuta wazee wamekaa chini ya mgomba na kibuyu, wanakwangala. Wilson analipa uzito ambao mimi niliyezaliwa nalo sikuwahi kulipa. Anaonyesha kwamba kukwangala si kupiga soga tu. Ni kula pamoja, ni adabu ya mazungumzo, ni kusaidiana, ni kujua mwenzako ana nini moyoni. Jina lote la kitabu limesimama juu ya neno hilo moja. Na kwa watu wale, jambo hilo lilihusu mwili moja kwa moja. Aliyekula nyama peke yake, aliyewadharau jirani, aliyemkosea mzazi, majirani wakinung'unika kwa haki, pumzi yao ya baridi ingemfikia naye angeugua. Dawa yake ilikuwa kutengeneza: kukiri, kuchinja, kuwaita watu wale.

Hapo ndipo Wilson anaponikamata kama mwandishi. Hawacheki watu hawa, wala hawageuzi kuwa malaika. Anaieleza pumzi ya watu kwa utulivu uleule anaoelezea kilimo cha ndizi. Nyuma ya kitabu ameweka nyaraka, maelezo ya wenyeji wenyewe kuhusu kesi na magomvi yao, na kwangu hizo ndizo kurasa bora kuliko zote. Unamsikia mtu akibishana na jirani yake kuhusu ng'ombe, na ghafla unagundua kuwa anazungumzia afya.

Ukiweka kitabu hiki kando ya Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, unaona tofauti nzuri. Utubora anaacha kazi ya mjini, anashika jembe, na utulivu wake unatokana na uamuzi wa mtu mmoja mwenye tabia njema. Ni hadithi ninayoipenda, na kwa kweli ndiyo niliyokuwa naiigiza nilipopanda basi kuja huku: nitaondoka mjini, nitabadilika. Ushauri wa afya unaojaa kwenye simu zetu nao umerithi wazo hilo, tena bila uzuri wa Shaaban. Jitunze mwenyewe. Jiwekee malengo. Achana na watu wanaokupotezea muda. Wilson anatuletea jamii ambayo ingemwona mtu wa namna hiyo kuwa ndiye mgonjwa.

Lakini nisikisifu kupita kiasi. Kitabu kina tatizo kubwa, nami nilionyeshwa na shangazi, ambaye hajakisoma. Nilikuwa namsimulia, nimechangamka, jinsi wavulana walivyokuwa wakizunguka kwa kundi, leo wanakula kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Na sisi tulikuwa tunakwangala saa ngapi?"

Sikuwa na jibu, na nilipokirudia kitabu niliona kuwa nacho hakina la kutosha. Vijiji vile vilikuwa vya wanaume. Mwanamke alihamia kwenye kijiji cha mumewe, mbali na wenzake aliokua nao, akapika chakula ambacho wanaume walikigeuza kuwa urafiki. Wilson analiona hilo, analitaja, kisha anapita. Uzito wote wa neno zuri namna hiyo ulibebwa na mgongo wa mtu ambaye hakukaribishwa kukaa. Ningetaka kitabu kisimame hapo zaidi, hata kama kingekuwa na furaha kidogo.

La pili ni hofu. Upendo wa majirani katika kurasa hizi una ulinzi mkali: anayefanikiwa peke yake anaogopa wachawi, watu wenye chatu tumboni wanaotamani nyama na maziwa yake. Kijiji kinachokuponya ndicho kinachoweza kukushtaki. Sisi tuliokulia Rungwe tunajua kwamba hiyo si habari ya miaka ya 1930 tu. Kuna watu wamehama kwao kwa sababu ya bati jipya juu ya nyumba. Ukisoma Good Company ukaona undugu peke yake, umesoma nusu.

Pia, jamani, presha ni presha. Hainung'uniki, haikupi dalili, na haisikii kuchinja. Vidonge vyangu nimeza kila asubuhi na sitaki mtu asome makala hii akaacha vyake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki na chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, na hakuna ukurasa wa Wilson unaopingana na hilo. Alichonifundisha ni kitu kingine: kwa nini nilikuwa nashindwa. Dar es Salaam nimeanza mazoezi mara sita, na mara zote sita nimeacha, kwa sababu hakuna mtu aliyegundua kuwa nimeacha.

Siku hizi hedifoni zinabaki nyumbani. Mjomba anakuja saa kumi na mbili na nusu, na fimbo yake. Tunakwenda polepole kuliko programu inavyotaka, maana kila nyumba ya pili tunasimama: mugonile, mugonile, mtoto amepona, ng'ombe amezaa. Shangazi alijiunga wiki ya tatu. Aliwaambia wa nyumbani kuwa chai watajipikia. Hatua elfu kumi hatujawahi kuzifikisha. Wiki iliyopita nilipima tena: 138 kwa 86. Daktari anasema ni dawa, shangazi anasema ni chumvi, mjomba hasemi kitu.

Wilson anaeleza pia sherehe ya ubusoka, iliyofanyika mara moja kwa kila kizazi, ambapo wazee waliwakabidhi watoto wao nchi. Nikiangalia umri wangu, ningekuwa katika rika la kukabidhiwa. Kitabu nimekimaliza, nikakiweka mezani kwa mjomba ingawa Kiingereza hasomi. Likizo yangu inaisha Jumapili. Sijui huko mjini nitatembea na nani.