Kulipua na Kuboronga: Dokezo Kuhusu Lugha ya Uhakiki

Mhakiki aliyefunzwa kwa Kiingereza hukiacha kitenzi kilivyo, kisha akakipachika kielezi: mshairi ametunga vibaya, mwigizaji ameigiza kwa udhaifu. Usemi wa Mombasa hauendi hivyo. Huko Shimanzi, kwenye maghala yaliyo jirani na bandari ya Kilindini, fundi aliyeifanya kazi harakaharaka huambiwa 'amelipua', aliyeiharibu 'ameboronga', naye anayesema bila ya kituo 'anajisemeasemea tu'. Hukumu imo ndani ya kitenzi chenyewe. Tena, kulipua ni uzembe wa mtu anayejua. Anayeboronga huenda amejitahidi sana. Kielezi 'vibaya' hakitenganishi hayo, na isitoshe vijana wamekwisha kukigeuza kuwa sifa: aliyependeza vibaya amependeza mno. (Waingereza nao husifia chai kwa kielezi cha kutisha.)

Kwa hiyo kauli 'ametumia vina vibaya', iliyozagaa katika tasnifu nyingi, haimsaidii mtunzi wala msomaji. Vina vikilegea katika beti za mwisho tu, yaelekea mtunzi amelipua, naye astahili lawama. Vikilegea tangu ubeti wa kwanza, ameboronga, na mhakiki hana budi kuonyesha ni kina kipi kilichomshinda.