Mkeka wa Ukindu na Dhana ya Sanaa Shirikishi: Uhakiki kutoka Bonde la Kilombero

Mijadala kuhusu sanaa shirikishi ya hadharani inayochota hisabati katika maumbile aghalabu huanzia Ulaya. Mfano mmojawapo ni The Weather Project ya Olafur Eliasson, iliyooneshwa Tate Modern, London, kuanzia mwaka 2003. Nusu duara ya taa ilikamilishwa na vioo vya darini ikawa jua zima, na watazamaji walijilaza sakafuni wakizitazama taswira zao juu. Uhakiki huu unadai kwamba kigezo kinachoipa kazi hiyo sifa, yaani hadhira kuikamilisha kazi kwa miili yake, kinatimizwa pia na mkeka wa ukindu unaosukwa na wanawake wa Ifakara na Bonde la Kilombero.

Hisabati ya mkeka huanzia kwenye mmea. Vijani vya mkindu huchanwa kuwa chane za upana mmoja. Chane hizo zikipishana mshazari hutoa ukili, utepe ambao nakshi yake hujirudia kwa urefu wote. Kihisabati, ulinganifu wa nakshi za utepe una aina 7 tu. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, alizichambua kwa msingi huo nakshi za mikoba ya sipatsi ya Inhambane, akaonesha kuwa fikra ya kijiometri huchipuka katika kazi yenyewe ya kusuka. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa inamtambua msukaji kuwa mwanafikra. Hata hivyo, mkazo wake uko kwa mtendaji. Mtumiaji hubaki pembeni. Mkeka hukamilika unapotandikwa msibani au arusini, watu wakavua viatu, wakasogeleana na kupeana nafasi.

Kwa hiyo, kuutundika mkeka ukutani huhifadhi nakshi lakini huondoa ushiriki. Aidha, mkindu hustawi penye unyevu, ilhali ardhioevu ya Kilombero, iliyoingizwa katika Orodha ya Ramsar mwaka 2002, inabanwa na kilimo na malisho. Nadharia ya sanaa shirikishi inayoanza na kuishia kwenye kazi iliyokwisha kuwekwa mbele ya watazamaji haiwezi kulieleza tishio hilo. Inayohitajika ni nadharia inayolitazama bonde, msukaji na mketi kuwa sehemu za kazi moja.