Nani Anaiandika Kusi?

Ukisoma maandishi mengi kuhusu Malindi na Kilifi, utadhani pwani hii ina msimu mmoja tu. Jua linawaka, bahari imetulia, mtu amekaa chini ya mnazi na dafu mkononi. Hadithi fupi, mashairi ya mtandaoni, picha za Instagram na maneno yake, hata zile simulizi za mapenzi zinazoanzia Watamu na kuishia uwanja wa ndege, zote zinaishi Desemba. Tamasha kubwa la Kilifi, Beneath the Baobabs, nalo ni la kufunga mwaka. Yaani ni kama kalenda yetu imechapishwa na meneja wa hoteli.

Lakini mwaka wa pwani una nusu ya pili. Kaskazi ikishamaliza zamu yake mwezi wa Machi, upepo unageuka. Aprili mawingu yanajipanga, Mei masika inamwagika, na kuanzia hapo hadi kama Septemba ni kusi. Bahari inachafuka. Mitumbwi na mashua ndogo zinapandishwa pwani, kwa sababu nje ya mwamba hapaendeki. Mawimbi yanatupa majani ya bahari ufuoni, yanalala hapo yakioza, na harufu yake unaisikia kabla hujaona maji. Hoteli nyingi zinazotegemea wageni kutoka Ulaya zinafunga baada ya Pasaka, na wafanyakazi wanaambiwa watapigiwa simu. Hata Ligi Kuu ya Uingereza iko likizo, ndugu yangu. Sasa utaangalia nini?

Giza la Ulaya hatuna. Malindi iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa ya mwaka haifiki nusu saa. Kule Copenhagen, Desemba, mwanga wa mchana ni saa saba hivi, basi. Giza letu ni la mfukoni. Na ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya raha ndogo ndogo za msimu mgumu, na namna zinavyoandikwa. Kila mtu anasema zinatuokoa. Mimi nauliza: nani analipa?

Kitabu kilichoifanya mada hii kuwa biashara ya dunia nzima ni The Little Book of Hygge cha Meik Wiking, kilichotoka mwaka 2016. Wiking ni Mdenmarki, na anaongoza taasisi ya kutafiti furaha huko huko Copenhagen. Hoja yake inaeleweka upesi: majira ya baridi ni marefu, kwa hivyo washa mshumaa, vaa sweta nzito, pika kitu cha moto, kaa na marafiki wachache unaowaamini. Tusimwonee. Anasisitiza watu kuliko vitu, na mwenye kusema kitabu chake ni orodha ya kununua mishumaa hajakisoma vizuri. Kinasomeka kwa wepesi, na kuna kurasa zinazokufanya utamani kuweka chai jikoni saa hiyo hiyo.

Shida yake iko mahali pengine. Raha ya Wiking inaanza pale mlango unapofungwa. Baridi iko nje, sisi tuko ndani, na kile kinachotutenganisha nayo (nyumba, mshahara, serikali inayomlipa mtu akikosa kazi) kipo tayari kabla ya ukurasa wa kwanza. Kitabu hakina haja ya kukizungumzia sana kwa sababu msomaji wake anacho. Ukikibeba kitabu hicho mpaka Muyeye au Barani mwezi wa Juni, ukampa dada aliyekuwa akifanya kazi ya vyumba mpaka Pasaka, atakisoma kama hadithi ya watu waliokula wakashiba. Si kwamba hana raha. Anazo. Ila zake haziko nyuma ya mlango uliofungwa.

Ziko wapi? Nyingi ziko barazani. Kahawa chungu kutoka kwenye dele, inamiminwa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, na anayekunywa hana haraka kwa sababu hakuna pa kwenda. Bao, karata, na ubishi usio na mwisho juu ya nani aliiba kete. Mahamri yenye iliki yakitoka mafutani asubuhi ya mvua, na mbaazi za nazi pembeni. Chai ya tangawizi. Mhogo wa kuchoma uliopakwa pilipili na ndimu. Julai, mahindi yaliyopandwa na masika yanapevuka na makaa ya barabarani yanapata kazi. Ng'onda aliyekaushwa wakati samaki walikuwa wengi anatolewa sasa, na mchuzi wake unanukia nyumba tatu. Mafundi na wavuvi wanashona nyavu na kutia kalafati vyombo vilivyopandishwa, kazi ya mikono yenye gumzo ndani yake. Na usiku, mtu anatia kipande cha udi kwenye chetezo, moshi unazunguka kwenye nguo zilizokataa kukauka, na kwa dakika chache chumba chenye unyevu kinakuwa chumba cha harusi.

Nimeandika aya hiyo nikijua ni tamu. Ndipo mtego ulipo. Ningeweza kusimama hapo, nikaweka picha ya dele, na watu wangesema pwani ina maisha. Maandishi mengi kuhusu raha zetu yanasimama hapo hapo. Kwa hivyo ngoja nimwite mwandishi ambaye hakusimama.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alitoa riwaya iitwayo By the Sea mwaka 2001. Mzee mmoja, Saleh Omar, anafika uwanja wa ndege wa Gatwick tarehe 23 Novemba akiomba hifadhi. Jina lililo kwenye pasipoti yake si lake. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Katika kibegi chake kidogo ana kikasha cha udi, ule wa ud-al-qamari. Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, ambaye wazazi wake pia walikuja Uingereza kutafuta hifadhi, anakifungua, ananusa, na anakichukua.

Hapo mwanzo kabisa Gurnah ametuonyesha kitu ambacho kitabu cha Wiking hakina nafasi nacho: mtu anayeingia kwenye baridi akiwa na raha moja tu, na raha hiyo inanyang'anywa mlangoni. Na angalia mwezi. Novemba ndiyo baridi ya Uingereza inaanza, lakini nyumbani kwake mzee ndiyo kaskazi inaanza, upepo ulioleta majahazi kutoka Ghuba na Bara Hindi. Udi wenyewe ulifika Zanzibar kwa upepo huo. Alimpa mfanyabiashara aitwaye Hussein, mtu wa Bahrain mwenye asili ya Uajemi, mcheshi, msimulizi hodari, aliyekuja na musimu kama wenzake. Harufu ile ina bahari nzima ndani yake.

Sasa sikiliza kilicho kizito zaidi. Hussein huyo huyo aliyeacha udi ndiye aliyeacha na hati ya deni. Alikuwa amemkopesha mtu mwingine pesa kwa dhamana ya nyumba, kisha yeye akakopa kwa Saleh Omar na kumwachia hati ile kama rehani. Hussein hakurudi. Saleh Omar akaidai nyumba, akaipata, na familia moja ikavunjika. Miaka mingi baadaye, kwenye mji mdogo wa pwani ya Uingereza, mtoto wa familia ile, Latif Mahmud, anakuja kumtembelea. Wazee wawili kwa namna yao, ndani ya chumba, nje baridi. Ukitaka hygge, hii hapa. Lakini faraja wanayoipata haitokani na chai. Inatokana na kufungua hesabu: nani alimfanyia nani nini, nani alidanganywa, nani alinyamaza. Udi na deni vilitoka mkono mmoja, na Gurnah anakataa kutupa kimoja bila kingine.

Ninachodai ni hiki: raha ndogo ya msimu mgumu mara nyingi ina deni ndani yake, na mwandishi anayeificha hesabu anaandika tangazo, hata kama lugha yake ni nzuri.

Rudi barazani sasa, ukiwa na macho hayo. Unga wa mahamri ulitoka dukani, na duka lina daftari. Kila mtaa wa Malindi, Mtwapa, Mnarani, Mambrui, unalijua daftari hilo: kurasa zimelegea, jina lako juu, chini yake sukari robo, mafuta ya kupima, majani ya chai, unga. Mtu haombi, anasema tu, "Niandikie." Neno hilo ni la ajabu kidogo ukiwa mtu wa fasihi. Tunakaa tukilalamika kwamba hakuna anayeiandika kusi, kumbe kuna mtu anaiandika kila siku, kwa kalamu ya bluu, nyuma ya kaunta. Mwenye duka anajua ni lini hoteli ilifunga kwa kuangalia tarehe. Anajua nani amepunguza kutoka maziwa hadi chai ya rangi. Anajua nyumba gani ina mgonjwa na nyumba gani ina posa. Riwaya iko pale, haijapata tu mtu wa kuitunga.

Na daftari hilo si ukarimu mtupu. Mwenye duka naye anadaiwa na anayemletea bidhaa. Kuna wanaoandikiwa na wanaokataliwa, na mtaa mzima unajua ni kina nani. Kuna dada anayepita njia ya mbali ili asionekane. Kuna kijana anayekunywa kahawa ya wenzake barazani mpaka anaanza kutaniwa, na utani wa pwani una meno. Raha ya pamoja ina bei, na anayelipa bei hiyo mara nyingi ni mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri kukanda unga, ili wanaume wapate cha kulia mbele ya bao. Nikisoma shairi linalosifu mahamri bila mikono hiyo, nahisi nimepewa nusu ya sahani.

Kuna pia hatari ya upande wa pili, na lazima isemwe. Ukizisifu sana raha ndogo za watu wasio na mshahara, utasikia mwajiri akikuitikia kwa furaha. "Watu wa pwani hawana presha, wanaridhika." Sentensi hiyo imetumika miaka mingi kumrudisha mtu nyumbani miezi minne bila senti. Kwa hivyo mwandishi wa kusi ana kazi ya kutembea juu ya kamba: aonyeshe kwamba chetezo lile linafukiza kweli, na chumba kinanukia kweli, bila kumpa bosi shairi la kutundika ofisini.

Wazee wetu walikuwa na mpango kuhusu haya. Mwaka wa Kiswahili wa jua, ule ambao manahodha waliuhesabu kwa miongo, yaani siku kumi kumi, ulianzia Siku ya Mwaka, au Nairuzi, na siku hiyo siku hizi huangukia Julai. Katikati ya kusi! Makunduchi, Unguja, wanaiadhimisha hadi leo na kuiita Mwaka Kogwa. Watu wanaoga baharini, wanakula pamoja, kibanda cha makuti kinachomwa moto. Lakini kwanza wanaume wanapigana kwa migomba, kutoa kinyongo cha mwaka uliopita, ndipo sherehe iendelee. Hesabu kwanza, raha baadaye. Siioni kama mila ya kupiga picha tu. Naiona kama maelekezo ya utunzi: anzia kwenye kinyongo, kisha utuandalie karamu.

Na inatukumbusha kitu kingine. Kwa kalenda ile, kusi haikuwa msimu wa kusubiri. Mwaka ulifunguliwa humo. Sisi tumeazima kalenda ya wageni, ambayo kwayo miezi hii ni "msimu wa chini," pengo kati ya pesa na pesa, na tukaiandika kama pengo au tusiiandike kabisa. Msomaji kijana wa Kilifi anamaliza shule akiwa amesoma juu ya theluji mara nyingi kuliko alivyosoma juu ya Juni ya kwao.

Basi ombi langu kwa wanaoandika. Tupeni hadithi inayoanza Mei. Tupeni mhudumu wa hoteli aliyerudi kwa mamake Takaungu na begi la nguo na Kiitaliano kizuri kisicho na wa kuzungumza naye. Tupeni fundi anayetia kalafati chombo cha mtu anayemdai. Tupeni mahamri, ndiyo, na iliki yake, na moshi wa udi kwenye nguo mbichi. Tupeni na daftari, likiwa wazi, na jumla yake chini.