Je, Mashine Inayosema Ina Uhai?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mauti na uhai. Ama baada ya hayo:

Oktoba 2017, mjini Riyadh, ilitangazwa kuwa roboti iitwayo Sophia imepewa uraia wa Saudia. Wapo wanaosema kwamba mashine yenye kusema na kujifunza ihesabiwe kuwa ni kitu hai. Na tumewasikia wahadhiri wakiwajibu kwa kisa cha ndama wa Samiri: kiwiliwili chenye sauti, lakini hakikuweza kuwarudishia watu neno (Twaha, 20:88-89).

Kwa heshima zote, jibu hilo tunaliona dhaifu. Aya zile zinabatilisha uungu wa ndama, hazikuja kupambanua kilicho hai na kisicho hai. Tena mashine za leo zinajibu! Aliyejenga hoja juu ya ukimya wake, siku ikisema hoja imemwangukia.

Wanazuoni wetu walitazama mbali zaidi. Ibn al-Qayyim, katika At-Tibyan, ameeleza kuwa mimba kabla ya kupuliziwa roho ina harakati ya kukua na kupata chakula, mfano wa mmea. Baada ya roho ndipo huja hisia na irada. Nao mafakihi, katika mlango wa kuchinja, wametenganisha uhai uliothibiti na kutapatapa kwa mnyama aliyekwisha chinjwa. Huyu anatikisika, na hukumu yake ni maiti. Basi harakati peke yake si dalili, wala sauti si dalili. Anayedai kwamba mashine inahisi na kutaka, ni juu yake kuleta ushahidi. Asili ni kutokuwepo uhai mpaka uthibiti.

Msomaji atauliza: kuna madhara gani tukiiita hai? Madhara yako katika dhamana. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) amehukumu kuwa jeraha la mnyama halina fidia. Mafakihi wakaliwekea masharti, kama vile asiwepo anayemwongoza wala mwenyewe asiwe amezembea, kwani mnyama ana hiari yake. Ama chombo hakina hiari. Madhara yake humrudia aliyekitumia au aliyezembea katika kukitengeneza.

Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, Marekani, gari la majaribio lililokuwa likijiendesha lilimgonga mwanamke akafa. Gari halikushtakiwa. Alishtakiwa mtu aliyekaa ndani kulisimamia, naye akakiri kosa mwaka 2023. Lau gari lile lingeitwa hai lenye hiari, wenye nalo wangekuwa wa kwanza kuikimbilia hadithi ya mnyama, na damu ya mtu ingepotea bure.

Kwa hiyo hata ule uraia wa Riyadh tunaukosoa kwa mlango huohuo. Uraia ni haki na wajibu, na kisicho na dhima hakiwezi kubeba wajibu. Atabebeshwa mwingine, au hapatakuwa na wa kuubeba. Siri ya roho iko kwa Mola wetu, lakini haki za waja tumekabidhiwa sisi tuzilinde.

Wallahu a'lam.