Nikisoma Tena Elimu ya Kujitegemea

Kijitabu cha Mwalimu Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, kilitoka Machi 1967. Chuoni Shinyanga nilikifundisha miaka mingi, na hapa sina budi kukiri kosa: wanachuo walikikariri ili wafaulu mtihani, nami nikawapa alama. Kitabu kinachoulaumu mtihani kwa kuitawala shule!

Mwanachuo mmoja, mtoto wa fundi wa Mwadui, aliniuliza, "Mwalimu, baba yangu yumo ukurasa gani?" Nikamwambia akae chini. Tangu nistaafu swali lile limenirudia mara nyingi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, miaka 27 kabla ya kijitabu. Hata hivyo, mtu anayeandaliwa humo ni mkulima wa kijijini. Simlaumu sana mwandishi. Wakati ule Watanzania walio wengi waliishi kwa jembe. Lakini sisi walimu tuliupunguza ujumbe wake hata ukabaki kuwa shamba la pamba la shule na zamu ya kufagia.

Kisha ukaja utandawazi. Sheria ya Madini ya 1998 ilifungua mlango, mgodi wa Geita ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka uliofuata. Mitambo ile ilitaka mafundi wa umeme, wa dizeli na wa haidroliki. Vijana wetu wa darasa la saba walijua kupanda kwa mistari. Niliowafahamu waliishia kwenye ulinzi na usafi, au wakashuka maduarani na wachimbaji wadogo. Mafunzo ya ufundi wa migodini ya VETA na kampuni za madini yalianza 2009, tena Moshi, mbali kweli kwa mtoto wa Geita.

Sasa wapo wanaosema tufundishe anachotaka mwajiri, basi. Hapo narudi upande wa Mwalimu. Mgodi wa Buzwagi, kule Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukaukoma mwaka 2021. Aliyefundishwa mtambo mmoja tu aende nao wapi? Kijitabu kinataka akili inayohoji, inayojifunza kwa wengine na kuamua yenyewe la kuchukua na la kuacha. Ukurasa huo tuliusoma kwa sauti, tukaendelea na mbele. Aliyeuelewa darasani mwangu alikuwa mmoja, nami nilimkalisha.