Kichekesho Kinapoota Mvi

Ndugu msomaji, kabla hujaniuliza kijana wa Temeke anajua nini kuhusu wavunja mbavu wa Uingereza, hebu nikueleze kwanza ninaposhinda. Tangu nimalize kidato cha nne nafanya kazi kwenye kibanda cha kuingiza muvi na nyimbo kwenye flashi na simu za watu. Siku moja mteja alileta mafaili ya kaka yake aliyewahi kuishi London, akataka tumsaidie kuyapanga. Humo ndani nikakuta wachekeshaji wa jukwaani, wazee kwa vijana, wa miaka ya sabini mpaka juzi juzi. Nikanakili kila kitu. Kibanda kikikosa wateja mchana wa jua kali, mimi navaa spika za masikioni na kusafiri.

Sikudanganyi, mwanzoni niliambulia patupu. Kiingereza changu ni kile cha kujibu maswali ya mtihani, na mtihani hauulizi namna watu wa Glasgow wanavyotukanana. Nilirudisha nyuma kipande kimoja mara kumi. Lakini pole pole sikio likafunguka, na nikanogewa kinoma.

Wateja wetu wengi wakisikia mchekeshaji wa Uingereza wanamjua mmoja tu, Mr Bean. Huyo alianza kuonyeshwa tarehe 1 Januari 1990 na mpaka leo mtoto wa miaka minne anamcheka. Siri yake haijafichika: hasemi. Anayeteleza kwenye maji atateleza tu, awe London, awe Mbagala. Wale ninaowazungumzia mimi ni wengine. Mtu mmoja, maikrofoni moja, hana mke wa kuigiza naye wala sufuria la kujipigia kichwani. Ana mdomo tu. Na mdomo, bwana, unazeeka. Kwetu sisi tunaojifunza kuandika, hao ndio jirani zetu wa karibu kabisa, maana na sisi hatuna kitu zaidi ya maneno.

Swali langu basi ni hili: kwa nini kichekesho kimoja kinaota mvi na kingine hakioti? Ninauliza kwa sababu zangu binafsi, nitazitoa mwishoni.

Nianze na ninayempenda kuliko wote, Tommy Cooper. Alizaliwa Caerphilly, Wales, mwaka 1921. Jitu la miraba minne, limevaa tarbushi nyekundu, mtindo aliouchukua alipokuwa askari Misri wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kazi yake ilikuwa kiinimacho, ila kiinimacho chenyewe hakikubali. Anafunika chupa na glasi, anataka zibadilishane nafasi, zinakataa. Mara chupa zinaongezeka, naye anashangaa kuliko watazamaji. Halafu ukishazoea kwamba jamaa hajui kitu, anafanya kimoja safi kabisa, unabaki mdomo wazi. Ili kukosea vile ilimbidi awe fundi kweli kweli.

Tarehe 15 Aprili 1984 alianguka jukwaani London, katika kipindi kilichokuwa kinarushwa moja kwa moja na televisheni. Watu wakacheka. Waliona ni mbinu nyingine ya Cooper kukosea. Kumbe moyo ulikuwa umesimama. Nimelifikiria sana tukio hilo. Miaka yote alikuwa amewafundisha watu kwamba akianguka ni salama kucheka, wakamwamini mpaka dakika ya mwisho. Vichekesho vyake havijazeeka kwa sababu kushindwa hakujaisha duniani. Mimi mwenyewe nikipanga jambo, chupa huwa zinaongezeka.

Wa pili ni wale waliotaka kuchekesha siasa. Mwezi Mei 1979 Margaret Thatcher aliingia madarakani, na mwezi huo huo huko Soho, London, ukafunguliwa ukumbi wa Comedy Store. Mwongoza jukwaa wa kwanza alikuwa Alexei Sayle wa Liverpool, mtoto wa wazazi wakomunisti. Ukipanda ukachosha watu, unagongwa upatu na kushuka. (Mhariri, gazeti letu linahitaji upatu.) Vijana hao walikataa vichekesho vya kudharau wageni na kusimanga mama wakwe. Ben Elton akaja baadaye na suti yake ya kumetameta, anaongea kama mpiga debe wa daladala, Thatcher hivi, Thatcher vile.

Nia ilikuwa njema. Ila nikimsikiliza leo inanibidi nisimamishe kila dakika nitafute waziri huyu alikuwa nani na kodi ile ilikuwa ya nini. Thatcher alijiuzulu Novemba 1990, na nusu ya vichekesho ikajiuzulu naye. Hicho ni kifo cha heshima, kama cha gazeti la jana: limefanya kazi yake, sasa linafungia vitumbua. Walio na riwaya zenye jina la waziri kila ukurasa walione hilo.

Wa tatu amenipa taabu. Billy Connolly alizaliwa Glasgow mwaka 1942, akafanya kazi ya kuchomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli kabla ya kushika gitaa na jukwaa. Mwaka 1975 alialikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Michael Parkinson, na kichekesho kimoja kikamfanya ajulikane nchi nzima. Kwa maneno yangu kinakwenda hivi: jamaa anamwambia rafiki yake kwamba amemuua mkewe. Rafiki haamini, anapelekwa kuona kaburi, anakuta makalio yamebaki nje. Kwa nini hukumfukia yote? Jamaa anajibu, nilihitaji mahali pa kuegesha baiskeli.

Niliwasimulia hiki vijana wa bodaboda wanaoegesha mbele ya kibanda. Walicheka mpaka mmoja akashika usukani asianguke. Jirani yetu, mama wa chapati, alikuwa anasikiliza huku akigeuza. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Mwanangu, na huyo mke alikuwa anaitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Connolly hakumpa jina. Na hapo ndipo nilipoona mshono wa nguo: angekuwa na jina, baiskeli isingeegesheka. Nisiwe mnafiki, bado nikikikumbuka usiku nacheka peke yangu. Lakini siku hizi nacheka huku nikimtazama mama wa chapati pembeni ya jicho. Pengine huko ndiko kuzeeka kwenyewe. Kichekesho hakibadiliki hata neno, ila chumbani ameingia mtu ambaye zamani hakuhesabiwa.

Linganisha na Connolly wa uzeeni. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Alipanda jukwaani akauchekesha ugonjwa huo huo. Pale kila kitu kina mwenyewe: mkono ni wake, aibu ni yake, kicheko anakigawa yeye. Hakuna wa kuuliza jina.

Sasa twende penye uvundo. Mwaka 1971 televisheni ya Granada ilianzisha kipindi kiitwacho The Comedians, kikawatoa wachekeshaji kwenye vilabu vya wafanyakazi vya kaskazini na kuwaingiza sebuleni. Mmoja wao alikuwa Bernard Manning wa Manchester, mwenye ukumbi wake, Embassy Club. Vichekesho vyake: weusi, Wapakistani, Wayahudi, Waairishi. Akiulizwa, utetezi wake ulikuwa kwamba anawasema wote. Alifariki mwaka 2007.

Mwalimu wangu wa Kiswahili alitufundisha tutenge fani na maudhui, basi nitenge. Kwa fani, Manning ni moto. Anajua wapi anyamaze, neno gani aliache mwisho. Nilijikuta natabasamu kabla sijajua nimetabasamia nini, na nilipojua, ikawa kama kutafuna karanga iliyooza. Mimi mweusi niliyekaa Temeke nilikuwa ndiye karanga! Kwa maudhui, jamaa hakutunga kitu. Alikopa dharau ambayo watazamaji walikuja nayo kutoka nyumbani, akawarudishia na riba. Siku watu walipoanza kuiona dharau hiyo ni aibu, mtaji ukakauka.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tumlaani Manning twende zetu. Lakini katika kipindi kile kile alikuwemo Charlie Williams, mtu mweusi, mzaliwa wa Yorkshire mwaka 1927, aliyechimba makaa ya mawe na kuchezea Doncaster Rovers kabla ya kuwa mchekeshaji. Naye alichekesha rangi yake mwenyewe. Mtazamaji akimpigia kelele, anamtishia kwamba asiponyamaza atahamia nyumba ya jirani yake. Kwangu hicho hakijaota unywele mmoja mweupe: woga wao ameugeuza fimbo. Lakini vingine alivyosema ni vya kuwapa wazungu wanachokitaka ili wamwache aingie. Baadhi ya weusi waliomfuata walimlaumu, wengine walimshukuru kwa kufungua mlango.

Lenny Henry alipita mlango huo. Alizaliwa Dudley mwaka 1958, wazazi wake wametoka Jamaika. Mwaka 1975, ana miaka 16, akashinda shindano la vipaji la New Faces kwa kuigiza sauti, hata za wazungu. Umaarufu ukamtupa kwenye The Black and White Minstrel Show, onyesho ambalo wazungu walijipaka rangi nyeusi usoni na kuimba, nalo lilidumu kwenye televisheni ya BBC kuanzia 1958 hadi 1978. Katika watu wote wenye sura nyeusi pale jukwaani, yeye peke yake hakuhitaji rangi. Baadaye alisema wazi kwamba anakijutia kipindi kile cha maisha, na kitabu chake cha mwaka 2019 kinazungumzia ujana huo.

Kinachonivutia kwake ni kwamba hakuzeeka pamoja na vichekesho vyake vibaya. Aliviacha. Alichanganyika na wale wa kizazi cha Comedy Store, akajenga wahusika wake mwenyewe, mwaka 1985 akawa mmoja wa waanzilishi wa Comic Relief, mwaka 2009 akaigiza Othello, na mwaka 2018 akatunukiwa shahada ya udaktari. Kijana aliyeanza kwa kuchekwa akamaliza kwa kuandika historia ya kicheko hicho.

Sasa nitoe sababu zangu.

Baba yangu ni Msukuma. Alikuja Dar es Salaam kijana, akabeba mizigo mpaka mgongo ukagoma. Kiswahili chake kina mkia: anasema nilikuwaga, anakujaga, tunakulaga. Shuleni kidato cha kwanza nilikuwa mnyonge, mtoto wa kuli, kiatu kimeshonwa mara tatu. Siku moja nikamwigiza baba mbele ya darasa. Darasa zima chini! Kuanzia siku hiyo nikawa mtu. Mapumziko naitwa, "Mwana, tupe Msukuma kidogo." Nikawapa miaka minne.

Riwaya ninayoiandika ina mlinzi mzee, Msukuma. Kila akifungua mdomo wasomaji wangu wa kundi letu la Jumamosi wanavunjika mbavu. Ndiyo sura inayosifiwa kuliko zote. Baba macho yake yamepungua, lakini anapenda nimsomee ninachoandika. Nikamsomea sura ya kwanza, ya pili. Tulipofika kwa mlinzi, nikaruka kurasa nne. Nikaendelea kama hakuna kitu. Mzee akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Mbona unarukaga?"

Na kuna kioja zaidi. Ile -ga niliyowauzia wenzangu kama ushamba, leo vijana wa mjini wote wanayo. Wanaendaga, wanapendaga, hata mimi hapa nimejizuia mara mbili nisiiandike. Kichekesho changu kimekufa nikiwa bado sijafika thelathini, na aliyekiua ni lugha yenyewe.

Nimeiandika upya sura ya mlinzi mara mbili. Mara ya kwanza nilimfanya mtu wa heshima tupu, akawa kama hotuba ya mgeni rasmi, wenzangu wakasinzia na walikuwa na haki. Mara ya pili nimempa vichekesho vyote yeye. Sasa anawacheka wenye nyumba wanaomwamsha usiku awafungulie geti wakati funguo zimo mfukoni mwao, anaucheka mgongo wake, anamcheka mwanawe anayeandika vitabu visivyochapishwa. Lafudhi nimeiacha ilivyo. Sioni tena kwamba lafudhi ndiyo ilikuwa na kosa.

Kipimo ninachobaki nacho, ndugu zangu mnaoandika, ni kidogo na cha nyumbani. Kabla ya kupeleka kichekesho kwa mhariri, jiulize kama unaweza kukisoma chote, bila kuruka ukurasa, mbele ya yule unayemcheka. Cooper angeweza. Manning, nadhani, alihitaji asiwepo.

Jumapili hii nitamsomea baba zile kurasa nne mpya. Akicheka, nitawaandikia. Asipocheka, nitawaandikia pia.